Ndege Ametua, Ndege Imetua

Shule ya bweni inayohusika na habari hizi iko pembezoni mwa mtaa wa Chapwa, mjini Tunduma. Jina lake halitatajwa, kwa heshima ya mkuu wake, ambaye bado yu hai, bado yuko kazini, na bado anatembea na kiboko. Inatosha kusema kwamba ukilala bwenini unasikia malori ya boda yakinguruma kwenye foleni, na nyuma ya jiko kuna msitu mdogo wa miyombo ambao haujageuzwa mkaa kwa sababu moja tu ya kitaalamu: una nyuki.

Katika shule hiyo alisoma Kashinje Masunga, Kidato cha Tatu B, binti wa wafugaji kutoka Chitete, mwenye uso wa mwanakwaya na barua mbili za onyo. Ya kwanza aliipata kwa kumzoesha mbuzi wa jikoni kuhudhuria paredi ya asubuhi, akisimama safu ya mbele, mtulivu kuliko viranja. Ya pili ilihusu tangazo alilobandika ubaoni, lenye sahihi ya mkuu wa shule iliyoigwa kwa ustadi mkubwa, likisema kwamba yeyote aliyepungua kilo mbili tangu shule ifunguliwe atafidiwa kwa nyama. Wanafunzi mia tatu walipanga foleni kwenye mizani ya mahindi. Mwalimu wa Hesabu alikuwa wa nne.

Barua ya tatu, kwa kanuni za shule, haiwi ya onyo. Inakuwa ya kwaheri. Mkuu wa shule, Madam Gwantwa, alikuwa ameshaichapa kabisa ili asisumbuke baadaye; aliacha nafasi ya tarehe tu. Na baba yake Kashinje alikuwa amesema mapema, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto akirudishwa nyumbani kwa mzaha, atachunga ng'ombe, na habari za shule zitakuwa zimeishia hapo. Mzee Masunga hakuwa mtu wa kurudia maneno. Kashinje, aliyecheka kila kitu chini ya jua, hakuicheka barua ile.

Aliyemwokoa, kama kuokoa ni neno sahihi, ni Mwalimu Efraimu wa Biolojia, mtu mwembamba aliyemiliki darubini pekee katika Chapwa nzima na aliyekuwa akiitumia kutazama ndege, jambo lililowafanya walimu wenzake wamwonee huruma. Aliiomba bodi ya nidhamu imkabidhi mkosaji. Adhabu ingekuwa hivi: kila asubuhi, kabla ya paredi, Kashinje angekaa msituni nusu saa, aandike kwenye daftari kila ndege anayemwona, na kila Ijumaa abandike matokeo kwenye ubao wa matangazo.

"Kule hakuna mtu wa kumdanganya," alisema Mwalimu Efraimu.

Bodi ilikubali kwa furaha ambayo haikuwastahili watu wazima.

Wiki ya kwanza daftari lilisomeka hivi: "Jumatatu: kunguru mmoja. Amenitazama kwa dharau. Jumanne: kunguru yuleyule. Dharau imeongezeka. Jumatano: nyuki." Wiki ya pili mvua za kwanza za Novemba zilinyesha, majani ya miyombo yakanawa vumbi, viwavi wakajaa kila tawi. Ndipo siku moja, jua likianza kugusa majani ya juu, Kashinje akamwona kandege kadogo, rangi ya jani lililochakaa, kifua chenye umanjano wa mbali kama shati jeupe lililofuliwa na soksi za njano. Kalikuwa hakatulii. Karuke, kadonoe kiwavi, kachezeshe mkia, karuke tena. Kisha kakaimba wimbo mwembamba unaoanza juu na kushuka taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka halafu anabadili mawazo kabla hajamaliza sentensi.

"Mwalimu, kuna kandege hakajiheshimu," aliripoti. "Kanaimba saa za kula."

Mwalimu Efraimu alichukua darubini, akakimbia. Mtu mzima, mwenye mke, alikimbia. Aliporudi alikuwa na majani kichwani na macho ya mtu aliyepokea mshahara wa miezi miwili kwa pamoja.

"Huyo, Kashinje, ametoka Urusi."

"Kwa ajili ya viwavi wa Chapwa?"

"Kwa ajili ya viwavi wa Chapwa."

Akamfungulia kitabu. Kandege kale kalikuwa na uzito wa vijiko viwili vya sukari. Huko kwao hujenga kiota chini kwenye nyasi, chenye paa na mlango wa pembeni, halafu baridi ikianza hujijaza mafuta na kuondoka. Husafiri usiku, akisoma nyota. Huvuka bahari na jangwa, akishatua hulala mwezi hapa na mwezi pale, akifuata mvua, mpaka kwenye miyombo. Na hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, wakati ndege wengi wenye akili timamu hubadilisha mara moja.

"Mara mbili?" Kashinje alimtazama mwalimu kwa makini. Mwalimu Efraimu alikuwa na koti moja, na koti lile lilikuwa na umri wa Kashinje.

"Mara mbili," alisema mwalimu, akishusha mikono ili viraka vya viwiko visionekane.

Jambo la ajabu likatokea, ambalo Kashinje hakumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya kengele. Na iliyofuata. Alianza kujua kwamba kandege kale hakasafiri peke yake mle msituni, bali kanaandamana na genge la ndege wengine wadogo, na kwamba genge hupita mti uleule mkubwa karibu na kichuguu, jua likishafika majani ya juu, si kabla. Daftari lake likakosa mzaha kurasa tatu nzima. Akiwa na aibu ya mambo hayo, aliandika tangazo la Ijumaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ubaoni, kila neno lilikuwa la kweli:

"NDEGE MHAMIAJI AMETUA KATIKA MSITU WA SHULE. Ametoka Urusi. Amesafiri usiku, bila taa, bila kusimama boda na bila kadi ya homa ya manjano. Atakaa hapa hadi Machi. Atakayemwona amwambie Kashinje, Kidato cha Tatu B."

Sasa inabidi kusimama kidogo tuzungumze sarufi, msomaji avumilie. Katika Kiswahili cha vitabuni, ndege mwenye manyoya *ametua*, na ndege ya chuma *imetua*. Herufi moja tu inatenganisha kifaranga na uwanja wa ndege. Lakini Mzee Anyosisye, mlinzi wa geti, alikulia milimani Ileje, nyumbani kwao wakisema Kindali, na Kiswahili alikivaa ukubwani kama koti la kuazima. Kwake yeye kila kitu kilikuwa *i*. Mbuzi imekula. Mvua imenyesha. Mkuu wa shule imekuja, kimbieni. Hakuwahi kupata tatizo lolote, kwa sababu kila mtu alimwelewa.

Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Anyosisye alisoma tangazo kwa miwani yenye sikio moja, akaelewa anavyoelewa, akapiga simu kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Mwenyekiti Watson alikuwa ametoka wiki hiyohiyo kwenye semina ya ulinzi shirikishi, ambako alipewa kalamu, soda, na agizo la kuripoti kila mgeni asiyeandikishwa. Alikuwa na kiu ya kuripoti.

"Mwenyekiti, ndege ya mhamiaji imetua msitu wa shule."

"Nini?"

"Imetua. Imetoka Urusi. Imesafiri usiku bila taa. Boda haikusimama."

"Mzee Anyosisye, umekunywa?"

"Imeandikwa ubaoni, Mwenyekiti. Shule ndiyo imeandika."

Kikasikika kitanda kikilia, Mwenyekiti akikaa.

"Abiria wangapi?"

"Imeandikwa mhamiaji, mmoja. Lakini ndege gani inabeba mtu mmoja? Hao wengine imejificha."

Paredi ilianza saa moja kamili. Wimbo wa taifa ulikuwa umefika katikati pale geti lilipofunguka na Tunduma ikaingia. Mbele alikuwa Mwenyekiti Watson, suti ya kijivu, daftari kwapani, mgambo wawili nyuma yake wakiwa na virungu na wasiwasi. Nyuma yao walikuja vijana wa kubadilisha fedha, mabunda ya kwacha mikononi, wakiita, "Dola! Ruble! Karibuni, tunapokea!" Nyuma ya hao waendesha bodaboda kumi na mmoja, kila mmoja tayari kumpakia Mrusi, na mama mmoja mwenye beseni la chapati kichwani. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya boda, aliyekuwa amefuata umati bila kujua unakwenda wapi, alisimama akawapungia wanafunzi mkono: "Mwaiseni mukwai!" Yaani aliwakaribisha shuleni kwao wenyewe, kwa Kibemba.

Wimbo wa taifa ulifika mwisho peke yake, kwa sauti ya mwalimu wa Hesabu.

"Madam," Mwenyekiti alisema, "nipeleke kwenye ndege."

"Ndege gani?" aliuliza Madam Gwantwa.

"Iliyotua."

Madam Gwantwa aligeuka taratibu kuelekea ubao wa matangazo. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma jina la mwisho. Hakusoma katikati, kwa kuwa hakuona haja.

"Kashinje Masunga."

"Naam, Madam."

"Njoo mbele. Kiranja, kaniletee faili la bluu, na kalamu."

Kila mtu alijua kilichomo ndani ya faili la bluu. Kashinje alitembea hadi mbele. Alikuwa amewahi kudanganya akaaminiwa na watu mia tatu. Sasa alikuwa amesema kweli, na umati ulioamini ulikuwa umeamini kitu kingine.

"Madam, sijadanganya. Ni ndege wa manyoya. Nimeandika *ametua*."

"Umeandika *ametua*." Madam Gwantwa aliikagua kalamu. "Na huyu Mwenyekiti ameacha chai yake kwa ajili ya *a*?"

"Mimi nilisoma imetua," alisema Mzee Anyosisye kutoka getini, bila kinyongo.

"Madam," Mwalimu Efraimu alijitokeza, akishikilia darubini kifuani kama ngao. "Ndege huyo yupo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Wewe, Efraimu, uliwahi kuniita nje ya kikao nije nione mdudu." Madam alitazama saa yake. "Basi tufanye haki. Kengele ya kipindi cha kwanza inalia saa mbili. Nionyesheni huyo Mrusi mbele ya watu hawa kabla haijalia. Ikilia sijamwona, naandika tarehe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba watu wapatao arobaini, wakiwemo mgambo wawili na beseni moja la chapati, waliingia msituni nyuma ya Kashinje, wakaambiwa wakae chini karibu na kichuguu na wanyamaze. Haijawahi kurekodiwa popote kwamba watu arobaini wa Tunduma walinyamaza kwa pamoja. Wabadilisha fedha walibana mabunda yao kwapani. Mwenyekiti alikaa juu ya daftari lake ili kulinda suti.

Saa moja na dakika ishirini na tano. Asubuhi hiyo wingu lilikuwa limeziba jua, na majani ya juu yalikuwa bado kwenye kivuli. Kashinje alilitazama kwa chuki binafsi. Ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika alikuja akatua tawini.

"Huyo?" alinong'ona Mwenyekiti.

"Huyo ni mlamba, Mwenyekiti. Mkazi."

"Ana kitambulisho?"

Saa moja na nusu. Ndege wawili aina ya shore walipita wakigombana. Mgambo mmoja alishika kirungu. "Hao?" "Siyo." Mbadilisha fedha mmoja akapiga chafya, shore wakaondoka, na Kashinje akajiona tayari yuko Chitete, fimbo begani, nyuma ya mikia ya ng'ombe, akihesabu siku ambazo hazina kengele. Hakuona chochote cha kuchekesha ndani yake, ingawa alitafuta.

Saa moja na dakika arobaini na tano wingu likapasuka, jua likagusa majani ya juu. Hakuna. Madam Gwantwa akafungua faili.

Halafu msitu ukaanza kuchezacheza kwa mbali: tiktik, tswii, tiktik. Lilikuwa genge. Walikuja kijani, kahawia, weusi, wakipita tawi kwa tawi kama wanafunzi wanaotoka mtihani. Kashinje akainua kidole bila kupumua.

"Tawi la tatu. Kushoto kwa jani jekundu."

"Naona jani," alisema Madam.

"Jani lenye mkia, Madam."

Jani likaruka, likadonoa kiwavi, likachezesha mkia. Kisha likafungua kinywa, na wimbo ule mwembamba ukashuka ngazi hadi kwenye masikio ya wajumbe wote. Ulidumu sekunde tatu hivi.

Umati ulisubiri sehemu iliyobaki.

"Ndiye?" mwendesha bodaboda mmoja aliuliza hatimaye. "Ndiyo Urusi yote hiyo?"

"Mimi nimefunga ofisi kwa ajili ya shomoro!" akalalamika mbadilisha fedha mmoja.

"Sista, huyu hata akilipa nauli anakaa wapi?"

"Chapati, chapati za moto," alisema yule mama, kwa kuwa angalau yeye hakuwa amebadilisha mpango.

Mwalimu Efraimu alikuwa amefungua kitabu na kumwonyesha kila mtu picha ambayo haikutofautiana na shomoro kwa kiwango cha kuridhisha. Madam Gwantwa alishusha darubini aliyokuwa amekabidhiwa. Alikuwa amemwona ndege, na ingawa alikuwa mkali, hakuwa mwongo. Lakini bado alikuwa na kalamu.

"Ndege yupo," alisema. "Na vurugu ipo. Umekusanya nusu ya mji kwa ajili ya kitu hiki, Kashinje. Wakienda mjini watasema shule yangu imewadanganya. Tangazo la uongo au tangazo la kuleta fujo, kwangu mimi barua ni moja."

Akaweka karatasi juu ya goti.

Aliyepatwa na jasho wakati huo hakuwa Kashinje peke yake. Mwenyekiti Watson alikuwa ameshika simu yake akiitazama kama inamsaliti. Alikuwa ameshapiga simu ofisi ya kata. Alikuwa ameshasema, kwa sauti ya semina, kwamba mgeni asiyeandikishwa ameingia mtaani kwake na anakwenda kumdhibiti. Kata walikuwa wanasubiri taarifa. Kama hakukuwa na mgeni, basi mtu aliyedanganya serikali asubuhi hiyo hakuwa mwanafunzi.

"Subiri, Madam," alisema, akainuka, akapangusa daftari. "Tusiende haraka. Huyu ametoka nje ya nchi?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu Efraimu.

"Amelala mtaani kwangu?"

"Siku tisa."

"Basi ni mgeni." Mwenyekiti alifungua Daftari la Wageni, lile la kuandika juu na kupata nakala chini, akalamba ncha ya kalamu ya semina. "Jina?"

Kitabu cha Mwalimu kilikuwa na jina la Kilatini tu, na Mwenyekiti alikataa kuandika kitu ambacho asingeweza kukisoma kata.

"Andika Kandege," alishauri Mzee Anyosisye, aliyekuwa ameacha geti wazi. "Iko ndogo."

"Kandege. Jinsia?"

"Dume na jike wanafanana," alisema Mwalimu.

Mwenyekiti aliandika "Haijulikani" kwa mkono wa mtu aliyezoea. "Atokako: Urusi. Shughuli?"

"Kula viwavi," alisema Kashinje.

"Kilimo," aliandika Mwenyekiti. "Ataondoka Machi. Mwenyeji wake nani?"

Mwalimu Efraimu akamnyooshea mwanafunzi wake kidole.

"Kashinje Masunga," alisema Kashinje.

"Kabila?"

"Msukuma. Nyumbani Chitete."

Kalamu ilisimama. Mwenyekiti Watson aliwafahamu watu wa Chitete waliokuja na ng'ombe. Kwenye vikao vyote alivyowahi kukaa waliitwa wahamiaji, na hakuwahi kusikia mjumbe akisimama kusahihisha. Alitazama ukurasa. Ulikuwa na nafasi mbili tu za kuandika jina la mtu, ya mgeni na ya mwenyeji, na ile ya mgeni ilikuwa imeshajaa ndege.

"Mwenyeji," alisema, akiandika polepole, "Kashinje Masunga, wa Chapwa."

Akatoa muhuri kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaupulizia pumzi, akaubamiza kwenye ukurasa juu ya kichuguu hadi siafu wakatawanyika. Akachana nakala, akampa Madam Gwantwa kwa mikono miwili.

Madam aliisoma yote, safari hii hata katikati. Ilisema, chini ya muhuri wa ofisi ya mtaa, kwamba mgeni kutoka Urusi alikuwa ametua msituni, kwamba habari zake zilitolewa kwa wakati, na kwamba mwenyeji alitoa ushirikiano. Kuandika barua ya kwaheri sasa kungekuwa ni kusema muhuri unadanganya. Madam Gwantwa alikuwa ameitumikia serikali miaka ishirini na sita na hakuwahi kuupinga muhuri.

Alifunga faili.

"Mwenyekiti, kwa hiyo huyu mtoto alisema kweli."

"Kwa asilimia zote."

"Mara ya kwanza," alisema Madam. Alimgeukia Kashinje na kumtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma mita ya umeme. "Utaendelea kumwangalia mgeni wako. Kila asubuhi. Akiondoka, utanitaarifu kwa maandishi."

"Anaondoka usiku, Madam. Haagi."

"Basi utanitaarifu kwamba hakuaga. Nenda darasani."

Kengele ilikuwa imeshalia, hakuna aliyeisikia. Umati ulishuka kuelekea boda ukigombea chapati, na Mwenyekiti alisikika akiiambia simu, "Ndiyo, tumemdhibiti. Mkulima." Kashinje alikimbia, vumbi la kichuguu likiwa limegandia sketi, akafika mlangoni mwa Kidato cha Tatu B dakika kumi na mbili baada ya kipindi cha Hesabu kuanza.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza mwalimu wa Hesabu, ambaye hakuwa amesahau habari za mizani.

"Nilikuwa na mgeni, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwonyesha nje kwa chaki, chini ya dirisha, kwenye changarawe, mahali wanapopigishwa magoti wachelewaji wa shule ile. Kashinje akaenda akapiga magoti haraka, bila kubishana, mgongo wima, katikati ya wachelewaji wengine wawili, akawauliza kwa kunong'ona darasa limefikia swali la ngapi.